Pumzi za Tindo

Mume wangu hakuogopa kufa. Naliweka wazi hilo tangu mwanzo, maana nimesikia watu wakisema mengi, na wengine hata viti walivyokalia msibani havijapoa. Mtu aliyechonga mawe ya makaburi maisha yake yote, akala na kusomesha watoto kwa kazi hiyo, kifo atakiogopaje? Alichoogopa ni kufa akipigania hewa. Baba yake, ambaye naye alikuwa mchonga mawe, alikwenda hivyo hospitalini, macho yamemtoka, mikono imeng'ang'ania shuka. Tindo alikuwa kijana, amesimama pembeni ya kitanda, na hakuisahau siku ile.

"Mimi nisife vile," aliniambia siku tuliyorudi na majibu ya eksirei. "Nife nimetulia. Niahidi."

Nikamwambia aache upuuzi, nani kamwambia anakufa. Nikaenda jikoni, nikalia mpaka nikachoka, nikanawa uso. Halafu nikarudi nikamwahidi, nikiwa sina habari hata kidogo nitaitimizaje ahadi yenyewe.

Tindo ni jina la kile chuma cha kuchongea mawe. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mwembamba, mgumu, na hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya nyumba, kuta tatu na bati juu, mbele wazi ili mawe yapite. Yeye alichonga maandishi na mimi niling'arisha. Vumbi lilikuwa kila mahali, kwenye nywele, kwenye mito, hadi ndani ya kopo la sukari, na watoto wetu walikua wakidhani sukari ya kila mtu ina rangi ya kijivu. Sasa wako mbali, kila mmoja na kazi yake na nyumba yake.

Alikuwa na namna yake ya kuchonga, na ndiyo iliyommaliza. Akifika kwenye herufi ndogo, anasogeza uso hadi pua inakaribia kugusa jiwe. Anabana pumzi ili mkono usitetemeke. Anagonga, anagonga, anagonga, kisha anapuliza vumbi kwa nguvu, puu, na papo hapo anavuta hewa kwa pupa, na pua bado imo ndani ya lile wingu. Alifundishwa hivyo na baba yake, ambaye bila shaka alifundishwa na mtu mwingine aliyekufa akikohoa. Nilimnunulia barakoa, nzuri kabisa, ya bei. Akaitumia kuwekea misumari.

Kazi yangu mimi ilikuwa ya maji. Unamwagia jiwe maji, unashika kipande cha kusugulia, unazungusha taratibu, mzunguko mpana, mzunguko mpana, mpaka uso wa jiwe uanze kuteleza. Nikisugua huwa ninavuma kwa mdomo uliofumbwa. Haukuwa wimbo, maneno haukuwa nayo, na nisingejua kama ninavuma lau Tindo hangekuwa akipiga kelele kutoka upande wa pili, "Wewe, zima redio!" Sikumlaumu sana. Nilipokuwa msichana, kiongozi wa kwaya aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba kuna njia nyingi za kujitolea, kwa mfano kupanga viti.

Ndiyo maana kliniki walipotuambia kwamba Tindo ataanza darasa la kuimba, nilicheka. Tindo hakucheka.

"Nimekuja kutibiwa," alisema, "sikuja kuimbishwa."

Darasa lilikuwa chumba kirefu chenye viti vilivyopangwa duara na madirisha yanayotazama kamba za kuanikia mashuka ya wodini. Walikuwemo wagonjwa saba au wanane, wote wa mapafu. Mwoka mikate aliyestaafu alikuwepo, na mama mmoja aliyepikia shule kwa kuni tangu ujana wake. Mwalimu alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya kifua, binti mwenye raba nyeupe na sauti isiyopanda hata ukimkera, nami kumkera nilimkera. Kimoyomoyo nilimwita Bi Pumzi, na baadaye jina likanitoka mdomoni mbele yake. Akalipenda.

"Mzee wangu," alimwambia Tindo, "sitakudanganya. Vumbi lililomo humo ndani halitoki, si kwa dawa, si kwa wimbo. Lakini unapokosa hewa unaogopa, ukiogopa unavuta zaidi, na ile hewa ya zamani haijatoka. Hii mpya itaingilia wapi? Kuimba ni kutoa pumzi polepole bila kuiogopa. Ukiwa na njia nyingine nifundishe, nami nijifunze."

Tindo alikunja mikono. Wenzake wakaanza. Waliimba "ooo" na "mmm", sauti zinakwaruza, zinakatika, zinaanza tena, na mwoka mikate alikuwa akitabasamu kila alipofika mwisho wa pumzi yake kana kwamba amepanda ngazi. Tindo alikaa kimya. Bi Pumzi akaja kuchutama mbele yake, akamtazama kifuani kwa muda.

"Anabana," aliniambia. "Kila akitaka kutoa, anabana kwanza. Kwa nini?"

Nikamtazama mume wangu. Kichwa kimeinama kidogo, jicho moja limefinywa, mabega yamepanda. Sura ile naijua kuliko yangu mwenyewe.

"Anachonga," nikasema.

Ikabidi nimweleze mambo ya herufi ndogo. Bi Pumzi alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Alisema tangu hapo kazi yetu ni kuufundisha mwili wake kwamba mbele yake hakuna jiwe. Ukilisikia unaona jambo dogo. Lakini mtu aliyebana pumzi kwa zaidi ya miaka thelathini ili mkono utulie, akipata hofu atafanya nini? Atabana. Ndicho alichojua kuhusu kutulia, na ndicho kilichokuwa kikimnyonga.

Siku hiyohiyo akabanwa palepale darasani. Alikuwa amesimama kufuata maji ya kunywa, hatua chache tu, akakwama katikati ya duara ameshika magoti. Midomo ilianza kubadilika rangi. Bi Pumzi alimkalisha, akawa anamwambia kwa ile sauti yake, "Toa kwanza, mzee, usivute, toa kwanza." Hakusikia. Macho yake yalikuwa yananitafuta mimi, na ndani ya macho yale nilimwona baba yake.

Nilichofanya sikukifikiria. Lau ningefikiri ningepiga mayowe. Niliweka kiganja mgongoni kwake nikaanza kuzungusha, mzunguko mpana, kama ninavyofanya kazini, na bila kujua nikaanza kuvuma. Mgongo ulikuwa mgumu. Nikaendelea. Baada ya muda nikahisi kitu kikilegea chini ya kiganja, kidogo tu, na pumzi ikamtoka ndefu yenye mlio, ikifuata mkono wangu. Bi Pumzi aliwanyamazisha wengine kwa kidole. Kisha akaninong'oneza, "Urefushe huo mzunguko, mama. Usiharakishe." Nikaurefusha. Pumzi yake nayo ikarefuka.

Rangi iliporudi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Redio ileile."

Darasa zima likacheka, yule mama wa kuni akacheka mpaka akahitaji kusaidiwa naye. Mimi nilimkasirikia Tindo kwa kuniaibisha hivyo mbele za watu, nikatoka nje kwenye mashuka, nikalia kwa mara ya pili mwaka ule.

Tangu hapo tulifanya mazoezi kila asubuhi, kitandani kwanza, halafu kwenye kiti cha karakanani. Karakana tulikuwa tumeshaifunga. Niliweka mkono mgongoni, nikavuma, naye akatoa pumzi. Wiki za mwanzo alikuwa anatoa tu, hasemi kitu. Kisha siku moja nikasikia sauti ya chini imejiunga na yangu, nikadhani ni friji. Nilipogundua ni yeye sikugeuka kumtazama, maana namjua, angeacha.

Sitaki kumdanganya mtu. Hakupona. Alizidi kukonda, na mtungi wa oksijeni ukahamia chumbani ukawa kama mgeni asiyeaga. Lakini alianza kulala. Aliweza kufika mlangoni, kusimama, kutazama watu wakipita na kuwasema, jambo alilolipenda sana. Akibanwa alijua la kufanya, anatoa kwanza, anavuma, anatoa tena, na hofu inapungua hata kama hewa haijaongezeka. Siku moja aliniambia kwamba maisha yake yote hakuwahi kujua kuwa pumzi ina mwisho mzuri. Alizoea kuitupa tu. Nilimwambia aache kunisomea mashairi, amalize uji wake.

Shemeji yangu, mdogo wake Tindo, ndiye hakukubaliana na mambo haya. Ana duka la vipuri vya magari, na kwake kitu kikiharibika kinabadilishwa kifaa. Alimpenda kaka yake kwa dhati, hilo sitamnyima. Alikuja karibu kila siku na matunda ambayo hakuna aliyeweza kuyamaliza. Siku moja alitukuta karakanani macho tumefumba, tunavuma wote wawili.

"Mmekuwa nyuki?" aliuliza. Kisha akaniita uani. "Shemeji, nisikilize. Kaka anahitaji mashine. Hospitali kubwa zipo, gari ninalo, hela tutatafuta. Wewe unamwimbia!"

"Daktari mwenyewe amesema hakuna mashine ya kumrudisha. Ametupa dawa ya kumtuliza na ametupa mtungi. Amesema akae kwake."

"Daktari mmoja!"

"Wawili. Na kaka yako mwenyewe wa tatu."

"Mtu akizama unamrushia kamba, humpigii ngoma."

Nilimjibu neno ambalo sitaliandika hapa. Tindo, ambaye tulidhani hasikii, akaita kutoka ndani, akikata maneno vipande vipande. "Mdogo wangu. Baba alipata... mashine. Wewe ulikuwa mdogo. Mimi nilikuwepo. Nataka... kukaa hapa." Shemeji aliacha matunda mezani akaondoka bila kuaga, na kwa siku kadhaa hatukumwona.

Katika kipindi hicho nami nilianza kukohoa. Kikohozi kikavu tu, cha asubuhi. Bi Pumzi, ambaye sasa alikuwa akija nyumbani, aliniuliza kama nimepimwa. Nikamwambia mimi nilifanya kazi ya maji, vumbi halikuwa langu. Alinitazama.

"Mlikuwa chini ya bati moja, mama."

"Nitapimwa baadaye."

"Baadaye lini?"

"Nikishamaliza kazi niliyonayo," nikasema, na akaelewa, akaacha.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, kumepambazuka vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha na majirani walikuwa wanatoa magodoro kuyaanika. Tindo aliamka amechoka, hakutaka uji. Nilimfuta uso, nikambadilisha shati. Shemeji alifika akiwa amebeba maembe, amenuna bado, lakini amekuja. Wakasalimiana. Tindo alimshika mkono mdogo wake akaushikilia muda mrefu kuliko kawaida, na mimi nikajifanya natafuta kisu cha maembe.

Kisu nilikuwa sijakipata nilipomsikia akibanwa. Haikuwa kama siku zote. Niliikuta mikono yake imeshashika shuka. Nilimpa ile dawa ya kutuliza chini ya ulimi kama nilivyoelekezwa, nikafungulia mtungi, nikamkalisha, nikapanda kitandani nyuma yake. Shemeji alikuwa amesimama na funguo za gari mkononi, jasho linamtoka.

"Mnyanyue! Shika miguu, twende!"

"Hapana."

"Shemeji, anakufa!"

"Najua!" nilipiga kelele, na nadhani hapo ndipo nilipojua kweli. "Muulize mwenyewe."

Shemeji akainama. Sijui aliuliza nini, maana aliuliza kwa macho. Tindo akatikisa kichwa, kushoto, kulia, kwa shida kubwa. Halafu akaniegemea kwa ubavu, nikamshika bega kwa mkono mmoja.

Nikaanza. Kiganja mgongoni, mzunguko mpana, nikavuma. Mgongo ulikuwa mgumu vilevile kama siku ya kwanza darasani. Nilimwambia sikioni kwamba hakuna jiwe, hakuna herufi, alegeze tu, atoe. Ikatoka moja, fupi. Nikavuma. Ikatoka nyingine, ndefu kidogo. Shuka lilianza kumtoka vidoleni. Nikajisemea tunaweza, Tindo wangu, tunaweza, ahadi hii nitaitimiza.

Ndipo kikohozi kikanishika mimi.

Nilikaza koo, nikameza, nikajikaza kisabuni, wapi. Kilipanda kutoka chini kabisa, kikavu, kikaikata sauti yangu vipande. Nilikohoa mpaka nikaona giza. Na kila nilipokohoa nilihisi mgongo wake ukikaza. Alikuwa amebana tena. Mabega yamepanda, vidole vimerudi kwenye shuka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Miezi yote ile ya mazoezi, ahadi yote ile, na sasa itavunjwa na kifua changu mwenyewe, chini ya bati lilelile.

"Vuma," nikamwambia shemeji.

"Nini?"

"Vuma! Weka mkono hapa uvume!"

"Mimi? Mimi sijui hayo mambo, shemeji, siwezi—"

"Vuma kabla sijakuzaba kibao!"

Alidondosha funguo. Akapanda kitandani na viatu vyake, mwanamume mzima wa makamo na tumbo lake, akaweka kiganja karibu na changu. Akafungua mdomo, haikutoka sauti. Akaufumba. Akavuma.

Mara ya kwanza ilikuwa kilio tu. Mara ya pili ikatulia. Alikuwa na sauti nzito, nzuri, ya kupendeza kabisa. Miaka yote nilikuwa sijui, maana nilichowahi kusikia kwake ni ubishi wa bei za vipuri. Ilipita mkononi mwake ikaingia kwenye mgongo wa kaka yake, na hata mimi niliyekuwa nyuma nilihisi mtetemo wake mbavuni. Nikamwonyesha kwa kichwa: refusha. Akarefusha.

Tindo alitoa pumzi.

Shemeji alinitazama kana kwamba ameona muujiza. Nikamfanyia ishara asiache. Kikohozi kiliponiachia nikajiunga, sauti yangu mbovu juu, yake chini, mikono yetu miwili ikizunguka taratibu. Nje mtu alikuwa anapiga godoro kwa fimbo. Pumzi za Tindo zilitoka moja moja, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia, na katikati yake pakawa na nafasi, na nafasi zile hazikuwa na vita. Mabega yalishuka. Jicho alilokuwa amelifinya likafunguka. Alimtazama mdogo wake, akageuza uso kidogo hadi shavu lake likagusa mkono wangu, na mkono wake ukaliachia shuka, ukalala wazi juu ya goti.

Ikatoka nyingine. Ilikuwa ndefu, laini, haikukwaruza popote. Tukaisindikiza kwa sauti zetu mpaka ilipoisha.

Tulisubiri inayofuata, na haikuja.

Nilijua. Nilimwona shemeji naye akijua, machozi yalikuwa yanamshuka hadi shingoni, lakini hakuondoa mkono wake, nami sikuondoa wangu. Tuliendelea kuzungusha. Tuliendelea kuvuma, yeye chini na mimi juu, tukivuta hewa kwa zamu ili sauti isikatike, kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza.